Tundu la Kushoto

Siyu, Pate
Januari 14, 2024

Kwa mwanangu Raiyan,

Asalaamu alaykum. Hizi ni salamu za nyumba nzima, mpaka za yule paka wako wa mkia mfupi, ambaye tangu uhamie Mombasa hana adabu tena. Mimi sijambo, alhamdulillah. Dada yako Rumaisa hajambo, na habari yake ndiyo kubwa kuliko zote: binti yangu ameposwa. Mwana wa watu yuaitwa Mahdi, mwalimu wa madrasa huko Amu, mpole, mrefu mno, akikaa kitako magoti yanamfika masikioni. Nimemkubali. Rumaisa ajidai hataki hata kumsikia akitajwa, lakini kanga ni ile ile moya, yeo aifua, kesho aipiga pasi. Harusi inshallah ni mfungo tatu, baada ya Idi ya kuchinja.

Sasa wayua maana yake. Hakuna mwanamke wa nyumba hii aliyetolewa bila vikuku vya fedha vilivyonakshiwa na mkono wa nyumba hii. Vyangu alivinakshi baba, Mungu amrehemu. Vya Rumaisa nitavinakshi mimi. Babako Nur alipotutangulia mapema, kalamu zake za chuma za kunakshi zikaya kwangu, na watu wakasema mwanamke hataweza. Walisema wee, mpaka wakachoka, sasa wao ndio waniletea pete za binti zao.

Shida yangu ni mwanga. Jirani yetu Shukri ameinua ukuta wake, siyui ajenga nyumba au ngome, na pale mlangoni ninapokaa na mkeka wangu pamekuwa kiza mtana kutwa. Mstari naupoteza. Nimesogea, nimegeuka, wapi! Nataka unitafutie taa nzuri ya kazi, na ile hadubini uliyoniambia mwatumia hapo kwenye karakana ya Bwana Jamaludin. Lakini fahamu, mimi si mtu wa meza na kiti. Nakaa kwenye mkeka, na hapo hapo ndipo nitakapofia.

Usinipigie simu kwa jambo hili. Simu ya nyumba hii husikizwa na kila apitaye, na tena simu haibebi chapa. Nimekutilia humu chapa ya ukingo wa kikuku cha kwanza, kama nilivyokuwa nikikulazimisha wewe: masizi ndani ya mistari, karatasi, kidole gumba. Itazame, uniambie ni taa gani inifaayo.

Shangazi yako,
Mwanamkisi Famau


Mombasa, Mji wa Kale
Februari 3, 2024

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako nimeipata mkononi mwa Wazir wa boti, na bahasha ilikuwa inanuka papa, kwa hiyo nilijua imetoka nyumbani kabla sijasoma jina. Mimi mzima. Joto la hapa halina huruma, na chumba changu kiko juu ya jiko la halwa, kwa hiyo nalala nikiwa nimeiva. Bwana Jamaludin anakusalimu sana. Huwaambia wateja kwamba fundi aliyenifundisha ni bibi mmoja wa Siyu anayepiga vijana makofi ya kisogo. Mpe Rumaisa hongera zangu, na umwambie huyo Mahdi akija kutembea apime mlango kwanza asije akajigonga.

Sasa taa. Usikubali mtu akuuzie taa nyeupe kupindukia. Fedha ni kioo. Ukiimulika moja kwa moja inakurudishia mwanga wote usoni, halafu huoni mstari, unaona moto tu. Nimekuchagulia mbili ndogo za shingo ndefu, zinazojipinda, rangi yake kati ya nyeupe na manjano. Moja iweke kulia, moja kushoto, zote ziwe chini karibu na kazi, zimulike kwa ubavu. Ubavu ndio unaotoa kivuli, na kivuli ndicho kinachokuonyesha kina. Mbele ya kila taa funga karatasi iliyopakwa mafuta, mwanga ulainike. Nimezichagua ambazo hazitetemi. Zile za rahisi zinatetemeka bila wewe kuona, na baada ya saa moja kichwa kinauma. Zinakwenda na betri ya sola yenu bila taabu. Wazir anazo.

Hadubini nitaichagua taratibu, kwa sababu ya mkeka wako. Nyingi zimetengenezwa kwa mtu wa kiti.

Sasa nisamehe, nitasema. Nimeitazama chapa. Shangazi, mstari wako unaingia na kutoka. Mahali umezama sana, mahali umegusa ngozi ya fedha tu. Na kwenye majani matatu ya nakshi kalamu imeteleza. Wewe ndiye uliyenichapa kwa jani moja tu lililoteleza! Mwanzo nilidhani ni Rumaisa amejaribu mkono.

Naomba unijibu haya. Ukitazama taa, unaona duara za rangi kuizunguka? Paji la uso linakuuma asubuhi? Unajigonga kwenye vitu? Unapomimina chai, inaingia kikombeni? Usiniulize kwa nini nauliza. Nijibu tu.

Mwanao,
Raiyan


Siyu
Februari 25, 2024

Raiyan,

Waalaykum salaam. Sisi wazima. Mbuzi mweupe amezaa pacha. Mvua bado. Mamake Mahdi alikuya kututembelea na sahani ya mikate ya sinia, akakaa kutwa, akazitazama kuta zangu zote moya moya, nami nikamwacha atazame.

Taa nimezipata. Ni nzuri, Mungu akupe. Karatasi ya mafuta nimeifunga, mwanga umekuwa laini kweli, na fedha haining'arii tena usoni. Rumaisa asema pale mlangoni sasa pamekuwa kama duka la sonara wa Mombasa. Watoto wa Shukri huya kutazama, nawafukuza.

Lakini wewe! Mimi nimeomba taa, sikuomba kadhi. Maswali gani hayo? Ati chai yaingia kikombeni! Chai yangu huingia inapotakiwa. Yana asubuhi imemwagika, naam, kwa sababu Rumaisa alikiweka kikombe ukingoni kabisa mwa sinia, na siku hizi kitwa chake hakipo, amekwisha olewa moyoni. Mtungi nao nimeupiga teke kwa sababu ameuhamisha. Kila kitu nyumbani humu chahamishwa. Natoka chumbani, nakuta kiti kimesimama kwenye ndia yangu, upande ule ule kila siku. Nikimuuliza, anijibu, ala, mama, kiti kiko pale pale siku zote. Na bodaboda moya imenipita hapa nyuma ya ngome ya mji kwa kushoto, bila honi, imenikosa kwa upana wa kanga. Vijana hawa wa leo hawana haya. Nilikaa juu ya jiwe mpaka moyo uliporudi mahali pake.

Hayo ndiyo majibu. Duara za rangi sijui, taa ikiwaka ni taa. Nipe hadubini, kazi imenisubiri.

Na kitu kimoya. Najua unakokwenda na maswali hayo. Usinitajie babu yako.

Mwanamkisi

Chapa ya pili nimeitia. Hii nimeifanya na taa zako. Usinijibu juu ya majani.


Mombasa
Machi 22, 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Funga za hapa ni ndefu kuliko za Siyu, wallahi, kwa sababu halwa inapikwa chini ya kitanda changu tangu alasiri. Jioni Bwana Jamaludin huleta tende, tunafuturu kwenye meza za kazi, tukaulizana nani ameharibu nini mchana.

Sikujibu juu ya majani. Umenikataza.

Hadubini inakuja na Wazir, ndani ya sanduku la mbao, imefungwa kwa vipande vya godoro. Nikueleze kwa nini hii. Kwanza, ina matundu mawili ya kuchungulia, moja kwa kila jicho. Zipo za tundu moja, bei nafuu, lakini hizo zinakuonyesha picha bapa, na kazi yetu haitaki picha bapa. Mtu anayekata fedha lazima aone kina, na kina unakiona kwa macho mawili yakifanya kazi pamoja. Pili, nimeongeza kioo kinachoinua lenzi juu, ili kati yake na kikuku ibaki nafasi ya kutosha kwa mkono na kalamu. Bila hicho utakuwa unapiga lenzi kwa kifundo cha kidole. Tatu, mkono wake ni mrefu na mzito wa chini. Uegemeze ukutani, uupitishe juu ya mkeka, ukae kama unavyokaa. Nimeujaribu mwenyewe sakafuni hapa, watu wakanicheka.

Usikuze sana. Kijana akipewa mashine hii anakuza mpaka mstari unakuwa barabara, halafu anapotea. Anza na kidogo. Sogeza matundu yalingane na upana wa macho yako, mpaka duara mbili ziwe duara moja. Ikiwa moja, umefika.

Nimeichunguza kabla ya kuifunga. Nimenakshi jani dogo kwenye kipande cha shaba, nimekitia sandukuni ukianze hicho.

Shangazi, baada ya Idi kuna daktari wa macho, anaitwa Fahima, mwanamke, mpole, huja Lamu kuwatazama watu. Ukienda kununua vitu vya harusi, pita kwake. Ni kutazamwa tu. Anapima, unatoka. Sikutaja mtu yeyote, umeona.

Mwanao,
Raiyan


Siyu
Aprili 16, 2024

Raiyan,

Idi imepita kwa heri, na wewe tulikukosa. Nimepika pilau, nimewapa majirani, nimempa hata Shukri, mjenga ngome. Rumaisa alivaa ile kanga. Mahdi alikuya kutoa mkono wa Idi, akajigonga mlangoni kama ulivyosema, tukacheka mpaka nikamwonea huruma.

Sasa nisikize. Nina hasira, lakini si nawe. Ni na huyo aliyekuuzia mashine. Amekuibia!

Nimeiweka kama ulivyoandika. Nimekaa kwenye mkeka, taa mbili ubavuni, kipande chako cha shaba katikati. Nimechungulia. Subhanallah, jani lako nimeliona kubwa kama jani la mkungu, na nimeona ulipotetemeka pale kwenye ncha, usinifiche. Lakini ni tundu la kulia tu. La kushoto limekufa. Kiza! Kuna ukingo wa mwanga kule pembeni, kama mlango uliorudishwa bila kufungwa, basi. Nimefuta kioo kwa pamba. Nimegeuza taa. Nimefungua na kufunga. Duara mbili ziwe duara moya, wasema, na mimi nina duara moya tangu mwanzo, ya pili haikuya kamwe.

Rumaisa akanambia, mama, nipe nichungulie mimi. Nikamkatalia, kwa vile ana mafuta ya nazi mikononi, ataharibu. Hiki ni chombo cha fundi.

Basi nimeifunga tena, kwa magodoro yake na kanga yangu moya yuu yake, nimempa Wazir. Mwambie huyo mwenye duka atie tundu zima, au arudishe haki yako. Na uharakishe. Kikuku cha kwanza kimefika mwisho, na mwisho wa mti wa nakshi umekataa kukutana na mwanzo wake. Sijawahi kuona hivi tangu nianze kazi. Nimekisitiri ndani ya kitambaa, Rumaisa asikione.

Kwa huyo Fahima wako sikupita. Boti ilikuwa yaondoka.

Shangazi yako


Mombasa
Aprili 30, 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mvua za huku zimezidi, barabara ya Lamu imekatika mara kwa mara, ndiyo maana barua zimechelewa. Mimi mzima. Hadubini imefika salama, na kanga pia. Fundi anaitazama. Nitakuarifu.

Msalimie Rumaisa.

Raiyan


Siyu
Mei 15, 2024

Raiyan, mwanangu,

Salamu. Barua yako ina mistari ya kuhesabika. Wewe, ambaye huandika kurasa nzima juu ya joto na halwa! Nimeisoma, nikaigeuza nyuma nione kama kuna kitu, hakuna.

Fundi gani atazama tundu moya siku zote hizi? Chombo kama kimekufa, chatupwa. Kama ni kizima, cha— hebu niwache.

Nitakwambia jambo, kisha usilitaje tena. Babu yako alipokuwa akikata, sheria yake ilikuwa moya: kitwa hakihami. Kazi ndiyo izungukayo, mkono wa kushoto waizungusha, kitwa kimetulia. Mimi nimekaa hivyo tangu nina meno ya utoto. Juzi, katika kulala na kuamka na fikira, nikajiuliza: mbona sikuhamisha kitwa? Mbona sikulipeleka jito la kulia kwenye tundu la kushoto, nione kama limekufa kweli? Haikunijia hata kidogo. Nilikaa tuli kama nilivyofunzwa, nikalitukana duka.

Tangu siku hiyo sili vizuri. Rumaisa adhani ni huzuni ya kumwoza, namwacha adhani hivyo. Najua naweza kulifunika jito moya kwa kiganja hapa hapa nilipo, ni jambo la kupumua mara moja. Mkono wafika shavuni, wasimama. Nimeujaribu mara nyingi, wasimama hapo hapo.

Baba alikwenda hospitali, huko bara, kwa miguu yake mwenyewe, amevaa kanzu nyeupe, asema anakwenda kufutiwa ukungu. Alirudi nimemshika mkono. Alikuwa hanioni. Nilimpeleka msikitini, nilimpeleka chooni, nilimkatia nyama. Na kila siku asubuhi alikuwa akiketi pale mlangoni, ashika kalamu, aipapasa fedha kwa kidole, kisha airudisha kalamu kwenye mkoba. Kila siku. Mpaka alipokufa. Mimi naogopa, Raiyan. Haya, nimesema. Naogopa mahospitali, naogopa kile kitambaa watu wafungwacho usoni, naogopa kuketi mlangoni na kalamu nisiyoweza kuitumia. Afadhali nisijue.

Niandikie juu ya hadubini. Niambie imekufa.

Mwanamkisi


Mombasa
Mei 21, 2024

Shangazi yangu, mamangu,

Siwezi kukuambia imekufa.

Hakukuwa na fundi. Nilidanganya. Siku ilipofika nilifungua sanduku mbele ya Bwana Jamaludin, nikatia shaba, nikawasha taa. Tundu la kushoto ni zima. La kulia ni zima. Bwana Jamaludin akachungulia, akaona zima. Nikamwita mwenye jiko la halwa, mtu asiyejua hata kalamu ni nini, akachungulia kwa kushoto akasema, loo, jani! Nikaenda kukaa ngazini. Nilikuandikia ile barua fupi kwa sababu sikuwa na mkono wa kuandika hii.

Nilijua kabla hata ya hadubini. Chapa zako ziliniambia. Mtu anayekata fedha kwa jicho moja hawezi kupima kina, kalamu yake inazama na kuelea. Chai inamwagika nje ya kikombe. Kiti na bodaboda vinakuja kwa kushoto. Sikujua hayo kwa akili yangu. Nilifundishwa. Sasa nakuambia nilikofundishwa.

Mwaka jana Bwana Jamaludin alitulazimisha mafundi wote tukapimwe macho, kwa sababu ya kazi za hadubini. Mimi nilikwenda nikicheka. Daktari Fahima akanipima mara mbili, akaniuliza kama kuna kipofu nyumbani kwetu. Nikamtaja babu. Shangazi, nina presha ya macho. Haina uhusiano na presha ya damu. Ni maji ndani ya jicho yanakandamiza mshipa, kidogo kidogo, bila maumivu, mpaka mshipa unakufa, na mwenyewe hana habari kwa sababu jicho la pili linamfichia. Hurithiwa. Mimi niliwahi. Kila jioni natia tone moja kila jicho, na kila nikitia naomba dua. Sikukwambia. Niliona umezika baba, umezika kaka, kalamu umenipa mimi, na ningekuambia nini? Kwamba na hizi pia zitarudi mkobani?

Naogopa, kama wewe. Nikiwa barabarani nafumba jicho hili, nafumba lile, napima. Nimefanya hivyo mpaka watu wananidhania mwehu. Hakuna mtu niliyemwambia. Wewe ndiye wa kwanza.

Nilimuuliza Daktari Fahima juu ya babu. Alisema hawezi kujua, lakini wengi hufika hospitali wakati hakuna tena cha kuokoa, halafu lawama inabaki kwa mlango wa hospitali waliotokea. Babu alikwenda amechelewa. Kilichokufa hakirudi, sitakudanganya mara ya pili. Jicho la kushoto huenda limekwisha. La kulia lingali hai, nalo pia linakandamizwa sasa hivi, wakati unaisoma barua hii. Hilo linaweza kuzuiwa kwa tone tu. Si kisu wala kitambaa, Shangazi. Tone.

Fanya moja tu ninalokuomba. Funika jicho la kulia, utazame. Ukishajua, njoo. Tutakwenda kwa daktari pamoja, wewe na mimi, na mimi nitaingia kwanza ukitaka. Siku yangu ya kupimwa ni wiki ya kwanza ya Juni. Kila mara nakwenda peke yangu, na kila mara nakaa pale kwenye benchi mpaka niitwe mara ya pili.

Mwanao,
Raiyan


Siyu
Mei 30, 2024

Mwanangu Raiyan,

Asalaamu alaykum wa rahmatullah. Rumaisa akusalimu. Hajui bado, nitamwambia mwenyewe leo baada ya kula. Nimemwita na Mahdi, kwa kuwa atakuwa mwana wangu, na mwana afichwa nini.

Kwanza nikugombeze. Mwaka mzima! Mwaka mzima watia dawa matoni peke yako juu ya jiko la halwa, na mimi niko hapa nakutukania wenye duka! Ungekuwa karibu ningekupiga kofi la kisogo, kisha ningekukumbatia mpaka ukome. Usinifiche tena. Wala mimi sitakuficha.

Barua yako imenikuta mlangoni. Nimeisoma mara moya, nikaiweka ndani ya msahafu. Rumaisa alikuwa kati ya chumba, ajipima lile gauni la harusi, ajizungusha, auliza, mama, lanipendeza? Nikasema bismillahi, nikainua kiganja, nikafunika jito la kulia.

Raiyan, sikumuona. Nilisikia gauni. Nilisikia bangili zake. Nilikuwa nimemkabili, na mbele yangu hapakuwa na mwanangu, hapakuwa na chumba, ni ule ukingo wa mwanga kule pembeni tu. Yeye aendelea, mama, mbona hujibu, lanipendeza au hapana? Nikamwambia, lakupendeza sana. Kisha nikaondoa kiganja haraka, nikamtazama, nikamtazama, mpaka akaona haya akaingia ndani.

Nimelia. Usidhani nimekuwa shujaa. Nimelia nyuma ya choo, ili wasinisikie, nikatapika na chai. Halafu nikaosha uso nikafikiri: nimemuona Rumaisa kwa lile moya. Hilo moya ndilo lililobaki kati yangu na mlango wa baba. Na wewe umekaa kwenye benchi huko peke yako, mwana niliyemfunza kushika kalamu. Basi siwezi kukaa huku. Hofu ninayo, sijaiacha. Nakuya nayo.

Nimefunga mizigo. Nachukua kikuku cha kwanza, kile kilichokataa kukutana, na cha pili ambacho hakijaguswa. Cha pili utakinakshi wewe, kwenye hadubini yetu, kwa matundu yote mawili, na mimi nitakaa nyuma yako nikikuzuia kitwa kisihame. Cha kwanza nacho kibaki kilivyo. Rumaisa atavaa vyote viwili. Akiuliza kwa nini kimoya mstari wake haufiki, nitamwambia.

Naondoka Jumapili na boti ya Wazir, kisha basi la asubuhi kutoka Mokowe. Usilete watu, usilete gari la fahari. Uye peke yako. Na nikishuka, tafadhali mwanangu, simama mkono wangu wa kulia. Ukisimama kushoto nitakupita.

Shangazi yako,
Mwanamkisi